Uji Haukuwa Brekfasti

Mwanangu, mkono wangu huu wa kushoto haukunyooka sawasawa, na mvua ikikaribia hunipa habari kabla ya redio. Mkono huu ndio ulionipeleka hospitali nikiwa msichana, na huko neno moja la Kiingereza likakaribia kuniua. Lenyewe ni neno la chakula tu. Mnalitamka kila asubuhi bila kulifikiria, na siku hizi mmelikata mkia mkaliita breko. Sisi tulilisema lote: brekfasti. Nyanya yangu, ambaye ulimi wake ulikuwa wa Kimeru mpaka mwisho wa maisha yake, alilisema burekibasti. Keti nikueleze, na usiangalie simu, maana nikikatizwa huanza upya.

Nilikuwa darasa la sita. Mbuzi wetu mmoja alikuwa ameruka ua akaingia kwenye maharagwe ya jirani, nikapanda ule ua nimfuate, nikaanguka vibaya, mkono ukavunjika chini kidogo ya kiwiko. Ulifungwa hapo nyumbani kwa vijiti na kitambaa. Ulipofunguliwa tuliona mfupa umeunga upande, kiganja kinatazama nje kama cha mtu anayeomba. Baba alikuwa kazini mbali, mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo aliyenipeleka hospitali ya misheni alikuwa nyanya, mama yake baba. Tuliteremka mpaka Makutano, tukapata lori la viazi lililokuwa likielekea upande huo, na dereva akatuweka mbele kwa heshima ya mvi za nyanya.

Lazima umjue nyanya huyo, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Hakuwahi kuingia darasani. Lakini ujana wake wote aliumaliza Timau, kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja, akifanya kazi ya jikoni. Aliporudi nyumbani alirudi na kikapu cha nguo na maneno machache ya Kiingereza, na maneno hayo aliyatunza kuliko nguo. Alijua keto, yaani birika. Alijua trei. Alijua toasti, na alijua hariapu, ambalo alitutupia sisi wajukuu tulipochelewa kuleta kuni. Watu wa kijiji walimwita kusoma maandishi kwenye mikebe ya dawa ya mifugo, naye aliichukua mikebe, akaitazama kwa makini, akairudisha akisema macho yamechoka. Sisi tulijua hajui kusoma. Hakuna aliyethubutu kusema.

Na neno alilolijua kuliko yote lilikuwa hilo la brekfasti. Kila mara alipotuhadithia Timau alifika hapo. Jiko lilikuwa mbali na nyumba kubwa, alisema, na asubuhi nyasi za pale kati huwa nyeupe kwa baridi. Yeye alivuka nyasi hizo miguu mitupu akiwa amebeba trei. Kwenye trei kulikuwa na mayai ya kukaanga, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba mpaka ikajikunja, siagi kwenye kibakuli cha kioo, na mkate uliochomwa ukiwa umesimamishwa kwenye kitu cha chuma chenye meno. Halafu birika la chai, ambalo memsahibu alikuwa amelifumia sweta lisipoe. Hapo nyanya alicheka kila mara. "Birika limevaa sweta," alisema, "na mtoto wa mpishi anatetemeka mlangoni." Trei hiyo ndiyo iliyoitwa brekfasti. Memsahibu aliita kutoka barazani kuuliza kama brekfasti iko tayari, na nyanya akaipeleka. Wao wafanyakazi walikuwa wamekunywa uji wao jikoni tangu giza, na tangu alipoanza kazi pale mpaka alipoacha, hakumsikia mtu hata mmoja akiuita ule uji brekfasti.

Mimi nami nilikuwa na brekfasti yangu, ya shuleni. Mwalimu wetu alitufundisha tuimbe kwa Kiingereza kwamba brekfasti ni mlo wa kwanza wa siku. Tuliimba tukipiga madawati. Kwenye jaribio niliandika kwamba brekfasti yangu ni uji, na mwalimu akaweka tiki nyekundu pembeni, nikaipenda ile tiki mpaka nikamwonyesha mama. Shika hapo, mwanangu. Mimi nilijua kwamba uji ni brekfasti. Nilikuwa nimepewa tiki.

Basi tukalazwa wodi ya wanawake, mimi kitandani, nyanya kwenye mkeka kando yangu. Hospitali hiyo haikuwa na chakula cha kutosha wagonjwa wote, kwa hivyo nyuma ya wodi kulikuwa na banda ambalo jamaa walipikia watu wao. Jioni daktari alipita. Alikuwa kijana, mgeni wa nchi hii, mwenye haraka lakini si mbaya. Wagonjwa wengine alizungumza nao kupitia kwa sista. Alipofika kwetu sista alikuwa ameitwa upande mwingine, naye daktari akageuka nyuma kumtafuta mkalimani. Nyanya akasimama. Akasema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya wodi nzima kusikia, "Gudi ivuningi, Dokita."

Ungemwona yule kijana alivyofurahi! Aliacha kumtafuta mkalimani. Akashika mkono wangu, akaonyesha kwa vidole jinsi atakavyoufungua na kuunyoosha nikiwa nimelala usingizi wa dawa. Halafu akasema maneno ambayo hata mimi niliyashika: kesho huyu asipewe brekfasti.

"Yesi, Dokita," nyanya akajibu. "No burekibasti."

Daktari akampiga bega kidogo na kuendelea. Akina mama wa vitanda vya kando wakamtazama nyanya kwa mshangao. Mmoja akamwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu, "Kwani wewe juju ni msomi namna hii, na umelala kwa mkeka na sisi?" Nyanya akavuta shuka akijifanya hakusikia, lakini nilimjua, alikuwa amejaa furaha mpaka masikioni. Nami nilijaa pamoja naye. Nilijiona mjukuu wa mtu mkubwa.

Kulipopambazuka aliniamsha. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa pembe ya leso, na mvuke ulikuwa ukipanda. Uji wa wimbi, umechachuka kidogo, mzito, ule ninaoupenda. Alikuwa ameamka kabla ya watu wote ili apate nafasi kwenye mafiga.

"Kunywa," akasema. "Huwezi kwenda kukatwa ukiwa na tumbo tupu."

Nikasema, "Nyanya, daktari alisema..."

"Alisema burekibasti. Nilimsikia. Nani angekuletea burekibasti hapa? Huu ni uji."

Alisema kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne. Nikauchukua uji nikanywa, wote, na kwa kidole nikapangusa chini ya kikombe. Usinicheke. Nilikuwa na njaa, na aliyekuwa akinipa ni nyanya yangu.

Walipokuja na kitanda cha magurudumu, nyanya alitembea kando yake akishika mguu wangu. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alisimama sista mkuu. Huyo alikuwa mama mnene wa upande wa Karurumo, Mwembu, na tulimwogopa kuliko daktari. Alikuwa na haraka, wagonjwa walikuwa wamepangwa nyuma yetu. Akamwuliza nyanya, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Cucu, huyu amekula brekfasti?"

"No burekibasti, Sista," nyanya akasema. "Nimemlinda."

Sista akaniangalia mimi. Ninaliona jicho lake mpaka leo, jicho la mtu anayekupa nafasi. Nami nilijua. Nilikuwa na uji tumboni na tiki nyekundu kichwani. Lakini nyuma yetu walisimama wale akina mama wa wodini, waliokuja kutusindikiza, na nyanya alikuwa amesimama wima mbele yao akiwa na Kiingereza chake. Ningefunguaje mdomo niseme kwamba hajui? Sisi tulilelewa kwamba mkubwa akizungumza na wageni, mtoto hamsahihishi, hata akisema mbuzi ana mabawa. Nikatazama dari. Mlango ukafungwa.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye kutoka kwa mama wa kitanda cha pili, maana mimi nakumbuka tu harufu kali na mtu akiniambia nihesabu. Dawa iliponishika, uji ulirudi. Mtu akiwa macho hutapika akatema. Mtu aliyelazwa kwa dawa hana wa kumwambia mwili wake uteme, kwa hivyo uji ule ulishuka kwenye mapafu. Nikageuka rangi. Daktari akaacha mkono, akanigeuza kichwa chini, wakanipiga mgongo, wakaninyonya kwa mpira. Waliponitoa mle ndani nilikuwa hai, lakini mkono ulikuwa haujaguswa na kifua kilikuwa kinalia kama mlango mbovu. Homa ikanipanda. Padri aliitwa akaniombea yale maombi ambayo haombewi mtu wa kurudi nyumbani.

Daktari alitoka akiwa na aproni yenye uji. Akamwuliza nyanya, safari hii akiwa na sista wa kutafsiri, kama nilikula brekfasti. Nyanya akasema hapana. Akamwuliza basi nilikula nini.

"Uji," nyanya akasema.

Yule kijana aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akashika kichwa. Akasema alikuwa amemwambia. Nyanya naye akasema ndiyo, uliniambia, nami sikumpa. Akaanza kumweleza: mayai sikumpa, nyama sikumpa, toasti sikumpa, chai sikumpa. Alihesabu trei nzima ya Timau pale kwenye korido, akionyesha kwa mikono mahali kila kitu kinapokaa, mpaka lile birika. Mama aliyenihadithia alisema sista mkuu alimshika nyanya bega. Kisha akasema kwa upole ambao wodi ilikuwa haijausikia, "Cucu, kwa hospitali brekfasti ni kitu chochote chenye kinapita mdomo asubuhi. Hata uji. Hata maji."

"Basi mbona hakusema kitu chochote?" nyanya akauliza.

Daktari alikuwa bado ameshika kichwa. Sista mkuu alikuwa anakumbuka jinsi alivyouliza mwenyewe pale mlangoni. Siwalaumu. Kila mmoja wao alikuwa amesema neno ambalo kwake lilikuwa wazi kabisa.

Mwanangu, sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akizimika ilhali anatembea. Nilipoanza kufungua macho, nyanya alikuwa pale pale kando yangu, lakini hakuwa yule aliyepanda lori la viazi. Kiingereza hakikutoka tena kinywani mwake. Alipika akawapa wengine, yeye hakula. Baba alipofika kutoka kazini, alimkuta ameketi nje ya mlango, naye nyanya akamwambia maneno ambayo baba alinieleza alipokuwa mzee: "Nimemnywesha mtoto wako kifo kwa kikombe, na nilimhimiza amalize." Baba alimjibu tu, "Mama, twende ndani." Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Lakini wale akina mama waliomsifu sasa walinong'ona. Nilikuwa nikijifanya nimelala nikawasikia: huyo ndiye mzee aliyejifanya anajua Kiingereza akataka kuua mjukuu wake. Yaani ile aibu niliyotaka kumwepushia ilimfika ikiwa kubwa kuliko mwanzo, na mimi nikiwa nimelala hapo siwezi hata kuketi.

Nikaona nimtulize. Jioni moja alipokuwa akinipangusa uso nikamwambia, "Nyanya, usijilaumu peke yako. Mimi nilijua uji ni brekfasti. Mwalimu alitufundisha."

Nilidhani nimempunguzia mzigo. Mkono wake ukasimama shavuni pangu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua ukinywa? Ulijua sista akiniuliza?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

"Ungeaibika. Watu wote walikuwa wanakuangalia."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliweka kitambaa chini, na machozi yakamtoka akiwa hajakunja uso, kama maji yanayopita juu ya jiwe. Ndipo akanikemea kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, na kila neno ninalo.

"Ni nani alikwambia mimi naogopa aibu kuliko kukuzika? Mimi nimeaibishwa maisha yangu yote. Memsahibu alinimwagia chai miguuni kwa sababu toasti ilipoa, na bwana alikuwepo, na watoto wake walikuwepo, wakacheka. Nililala nikaamka. Nikabeba trei tena. Wewe unadhani kucheka kwa akina mama hawa kungenimaliza? Ningeshinda siku moja nimefunika uso, kesho yake ningekuwa napika. Lakini ungekufa, Kendi. Ningekwenda wapi na hilo? Ningelipeleka kwa nani aniondolee?"

Nikasema, "Nilikuheshimu, nyanya."

"Hapana. Uliogopa. Usiniwekee woga wako juu yangu ukauita heshima." Akashika vidole vya mkono wangu mbovu. "Ukiniona nimekosea, nishike nguo. Ninong'oneze. Nikikataa kusikia, sema kwa nguvu. Nikikasirika, niache nikasirike, mimi sifi kwa hasira. Mimi ndiye mkubwa, kukasirika ni kazi yangu. Kazi yako ni kuniambia."

Nililia mpaka kifua kikaanza kupiga kelele tena, naye akanikalisha akanisugua mgongo. Nilikuwa na uchungu mkubwa, maana nilikuwa nimejihesabu mtoto mwema. Usiku huo alikula kwa mara ya kwanza tangu nilipougua, na nikaelewa, ingawa nilikuwa mdogo, kwamba ukweli ule uliomkasirisha ndio uliomrudishia mdomo.

Tulikaa pale mpaka kifua kikapona na daktari akakubali kujaribu mkono tena. Safari hiyo jioni alikuja na sista mkuu, akasema kwa Kiswahili alichokuwa amekifundishwa na sista mwenyewe, "Asitie kitu mdomoni." Aliyatamka vibaya sana, lakini tulielewa sote. Nyanya hakutosheka. Aliuliza maji. Daktari akakataa. Akauliza chai tupu bila maziwa. Akakataa. Akauliza kipande cha muwa cha kufyonza tu na kutema. Akakataa. Mwisho akauliza, bila kucheka hata kidogo, "Na mate yake mwenyewe, ameze?" Wodi nzima iliangua kicheko, na yeye akawaacha wacheke, akasubiri mpaka sista akamjibu kwamba mate ruhusa. Mkono ukafunguliwa, ukanyooshwa kadiri ulivyokubali. Kupinda huku kulikobaki nakuchukua kama kulivyo.

Tuliporudi nyumbani alianza jambo jipya. Jioni nikiwa napukuchua mahindi alileta maneno yake ya Timau moja moja, kama mtu anayetoa nguo za zamani sandukuni aone zilizoliwa na wadudu. "Hariapu, mwalimu wenu anasema ni nini?" Nikamwambia ni fanya haraka. Akafurahi kwamba lilikuwa zima. "Na toasti?" Hilo mimi sikulijua, shuleni kwetu hatukuwa na toasti, kwa hivyo yeye ndiye aliyenifundisha. Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mimi nilimpa maana ya darasani, yeye akanipa maana ya jikoni, na mara nyingi zilikuwa mbili tofauti, zote za kweli.

Nilipokuwa mkubwa ndipo mtu mmoja aliponionyesha kwamba neno lile lenyewe ni maneno mawili yaliyoshikana: kuvunja, na kufunga, kule kufunga kwa kutokula. Mtu amelala usiku kucha bila kula, ni kama amefunga, na tonge la kwanza au funda la kwanza ndilo linalouvunja mfungo huo. Nililia siku hiyo pia, mtu mzima nikiwa na watoto. Laiti yule daktari angemweleza nyanya hivyo, yeye aliyekuwa akifunga na kuomba kanisani kila Ijumaa, angeelewa kuliko sisi sote, na hata mate angeniuliza kama nimeyameza.

Leo neno lenyewe limezagaa zaidi. Redioni kuna kipindi cha brekfasti ambacho hakina hata kipande cha mkate, ni watu wanacheka tangu alfajiri. Makutano kuna hoteli imeandika ukutani brekfasti siku nzima, na ukiingia saa kumi jioni unaletewa supu ya matumbo na chapati. Harusini kuna kamati ya brekfasti. Jirani yangu mmoja, mzee wa kanisa, aliambiwa aje hospitali kupimwa sukari akiwa amefasti. Alimpigia pasta, wakafunga pamoja na kukesha wakiomba, maji pia wakaacha, na alipofika hospitali alikuwa amelegea mpaka nesi akadhani sukari ndiyo imemwangusha. Nilicheka nilipohadithiwa. Lakini nilijua neno moja linavyoweza kukaribia kumuua mtu.

Ninyi vijana mna Kiingereza kingi, na Sheng juu yake, na ninawasikia mkicheka sisi wazee tunapolisema neno upande. Kicheko hakinisumbui. Kinachonisumbua ni pale mnapofika mbele ya daktari, au wakili, au afisa wa ardhi, mkanyamaza. Mzee wako anaitikia yesi, yesi, na wewe unaona kabisa kwamba ameshika kitu kingine, lakini unatazama dari kama nilivyoitazama mimi. Wengine mnanyamaza kwa sababu ninyi wenyewe hamkuelewa na mnaona haya kusema. Haya hiyo iache nyumbani. Ukiambiwa neno ambalo maisha ya mtu yanalitegemea, usikubali neno tupu. Uliza linaanzia wapi na kuishia wapi. Uliza uji, uliza maji, uliza hata mate. Ukipewa kazi ya kutafsiri, mweleze mzee wako kwa vitu anavyovishika kwa mkono, halafu mwambie akurudishie kwa maneno yake. Na wewe uliyesoma, utakayeketi upande wa pili wa meza siku moja, usifurahi haraka ukisikia mama mzee amekuitikia kwa Kiingereza. Hujui alikijifunzia jikoni kwa nani.

Na heshima, mwanangu, usiifanye iwe kuniacha nikosee nikiwa nimependeza. Nishike nguo.

Sasa nikubariki, kwa sababu umekaa mpaka mwisho na simu hukuitazama ila mara moja, nilikuona. Mungu aliyemwachia nyanya yangu mjukuu wake akuachie na wewe wale unaowapenda. Akupe mdomo wenye adabu usioogopa. Ukiwa mdogo akupe wazee wanaosikia, na ukizeeka akupe wadogo wanaosema. Na siku nitakapokosea mimi mbele ya watu, iwe kanisani au hospitalini, usinionee haya. Niambie. Nitanuna mpaka jioni, kisha nitakuita tule.